Ziwa Duluti ni zuri, lakini lile jaketi la mtoto!

Tulikwenda Ziwa Duluti, pale Tengeru, Jumamosi moja baada ya masika kukatika. Mimi, mdogo wangu na binti yangu wa miaka saba. Nilimwahidi mtumbwi akifanya vizuri shuleni, na wiki nzima hakuwa na wimbo mwingine.

Waliotupeleka ni jamaa wa utalii wa mjini Arusha, siwataji. Wakashusha jaketi okozi kutoka nyuma ya Noah. La binti yangu kifungo cha kifuani kimevunjika, wameunga kwa kamba ya katani. Nikavuta kidogo tu, fundo likaniachia mkononi. Nikamwambia kijana wao kwa adabu kabisa, "Kaka, hili halifungi, tupatie jingine." Macho kwenye simu, hata hakunitazama. "Dada, humu hamna kiboko wala mamba. Unaogopa nini?"

Kiboko? Mtoto anazamishwa na maji, si kiboko! Duluti ni kreta ya volkano. Ukishaachana na ukingo, hakuna pa kukanyaga. Na maji yale ya kijani, mkono ukiingia hadi kiwiko vidole huvioni. Mtoto utamtafutia wapi?

Aliyetuokoa ni mzee wa kupiga kasia, mwenyeji wa palepale. Hakusema neno. Akaenda kuazima jaketi dogo kwa wenzake, akapiga magoti, akakaza mkanda mmojammoja, kisha akamnyanyua binti yangu kwa mabega ya jaketi kuona kama litampanda shingoni. Halikupanda.

Tukaingia majini na hasira yote ikaniisha. Msitu umezunguka pande zote, Meru imejitokeza mawinguni. Kenge amejianika juu ya gogo kwenye mafunjo, mrefu kama binti yangu. Furukombe akalia, mtoto naye akamwitikia kwa sauti ileile! Alipopewa kasia akawa anatuzungusha mahali pamoja, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Nikasema moyoni, hawa nitawasifia tu, pengine yule kijana aliamka vibaya.

Tunarudi ukingoni, Noah yao imeshaleta familia nyingine. Lile jaketi, fundo jipya, liko mwilini mwa mtoto mdogo kuliko wangu. Nikamwita baba yake nikamwonyesha. Kijana akanijia juu mbele za watu: "Dada, wewe umeshapanda, ya wengine yanakuhusu nini?"

Duluti nendeni, tena nendeni na watoto, mkamtafute yule mzee. Hao jamaa, sitaki hata kusikia habari zao. Nilikuwa nimewapa nyota tatu, nimezifuta zote, maana zilikuwa za mzee na mzee si wao.

Yule baba alimvua mwanawe palepale. Kijana akafungua mlango wa nyuma wa Noah akalitupa jaketi ndani, na hapo ndipo nikayaona mengine mawili ya watoto, mapya, bado yamo kwenye nailoni.