Uzoefu wangu: nilivyompata babu setla wa wanangu kupitia ScotlandsPeople, tovuti ya serikali ya Scotland ya rejista za zamani

Mimi ni Mkikuyu wa Kiambu, mume wangu ni mtu wa Dunedin huko New Zealand, na kwao walikua wanajua kitu kimoja tu, kwamba babu yao alitoka Scotland akaja Otago, eneo la huko Dunedin, kufuga kondoo. Watoto walipoanza kuniuliza nikaona wacha nitafute mwenyewe.

Nilianza na tovuti moja ya kulipia, sitaitaja, ile watu wanaweka miti ya ukoo na wewe unanakili. Miezi miwili mizima nimeshikilia babu asiye wetu! Jina moja, mwaka wa kuzaliwa unakaribiana, kila mtu amekopi kwa mwenzake na hakuna hata mmoja ameweka cheti. Iliniuma kwa sababu nilikua nishamwambia mama mkwe na alifurahi sana.

Nikaanza upya, safari hii kutoka kifo nikirudi nyuma. Papers Past, tovuti ya magazeti ya zamani ya maktaba ya taifa ya New Zealand, ni bure kabisa, humo nikapata tangazo la kifo chake kwa gazeti la Otago Witness, mistari minne tu. Na hiyo tarehe nikaagiza cheti. Shikeni hii: vyeti vya kifo vya kule kuanzia 1876 vinaandika wazazi wa marehemu, alizaliwa wapi na ameishi New Zealand miaka mingapi. Chetu kilisema Sutherland, kaskazini mwa Scotland.

Sasa ndio nikaingia ScotlandsPeople. Kutafuta jina ni bure ukishajisajili, kuona picha ya rejista yenyewe ndio unalipa, nilinunua krediti 30 kwa pauni 7.50 na ukurasa wa ndoa ukachukua 6. Nikaufungua saa tano usiku watoto wamelala. Ndoa ya 1858, wino umefifia, na mahali bibi arusi angeweka sahihi kuna X, maana hakujua kuandika. Lakini jina lake lipo lote, la kwao, na la baba yake mpangaji wa kashamba kadogo, na la mama yake pamoja na ukoo aliozaliwa. Nilikaa nikiangalia hiyo X mpaka chai ikapoa. England wakati huo cheti cha ndoa kilikua kinaandika baba peke yake, Scotland tangu waanze kusajili 1855 mama anaandikwa na jina la kwao, kwa hivyo nyanya hapotei.

Na nilihakikisha kwa majina ya watoto. Waskoti wa zamani kijana wa kwanza anapewa jina la babu mzaa baba, wa pili ni babu mzaa mama, yaani kama sisi kabisa, ila msichana wao wa kwanza ni nyanya mzaa mama na wetu ni mzaa baba. Kijana wao wa pili alikua na jina lile lile la baba ya bibi arusi. Ndio hao!

Kitu kimoja sikuweza kukiruka. Sutherland wapangaji walifukuzwa ili wenye ardhi walete kondoo, halafu huyu babu akaenda kufuga kondoo Otago, kwenye ardhi iliyonunuliwa kwa Ngāi Tahu, kabila la Wamaori wa huko, 1844, karibu ekari 400,000 kwa pauni 2,400. Sisi wa Kiambu tunajua setla ni nini. Watoto nimewaambia yote mawili.

Kama jina la ukoo wenu linaanza na Mc, jaribuni na Mac pia, karani aliandika alivyosikia. Na sensa ya 1841 waliozidi miaka 15 wengi walishushiwa umri hadi namba ya chini inayogawanyika kwa tano, ukiona 30 anaweza kuwa 34. Watoto waliandikwa umri wao halisi.

Mimi naipa nyota tano. Krediti zilizobaki nimewekea hiyo sensa, nimtafute yule bibi wa X akiwa mtoto mdogo kwao.