Nimelipia kuona ndege, nikaonyeshwa wanavyofukuzwa

Nianze na hasira, mazuri yatafuata yakipata nafasi. Kwenye ile hifadhi ya ndege iliyofufuliwa katika mashamba ya chumvi ya zamani, nje kidogo ya Bagamoyo, kijana aliyekuwa anatutembeza aliokota bonge la tope akalivurumisha katikati ya kundi la sululu na chamchanga. Kisa? Wageni wawili walitaka picha ya ndege wakiruka. Kundi zima likapaa kwa kelele, likaenda kutua ng'ambo ya mkondo. Naye anacheka: "Mmeona? Hapa huduma kamili!"

Nikamwambia, mwanangu, wengine hawa wametoka Siberia huko, wako kwetu msimu huu wa kaskazi kula wanenepe kabla ya safari ya kurudi. Chakula chao kiko topeni, wanakipata maji yakiwa yamekupwa tu, basi. Ukiwarusha hovyo unawamalizia nguvu. Akanijibu mbele za watu: "Mama, umelipia kuona ndege au umekuja kuhubiri?"

Jamani! Mtoto namzaa yule.

Na kinachoniuma zaidi, kazi iliyofanyika pale ni ya watu wenye akili. Hawakuchomeka miche ya mkoko kwa mistari, wakapiga picha na kuondoka, miche ikafa nyuma yao. Walibomoa matuta ya chumvi, maji ya bahari yakaanza kujaa na kupwa kama zamani, mbegu zikaletwa na maji yenyewe. Sasa mkoko aina ya mlilana umeshika upande wa bahari, ule wa mchu umepanda juu kwenye chumvi kali. Njia ya mbao imeinuliwa vizuri, unapita juu ya tope bila kukanyaga hata kaa. Nilimwona mdiria tawini, karibu kabisa, anambamiza samaki kwenye mti, huku na huku, kisha akammeza kuanzia kichwani. Hapo nilisahau ugomvi wote, kwa dakika chache.

Getini nikamweleza dada wa tiketi. "Tutalifanyia kazi," macho yako kwenye simu.

Nikaapa sirudi, na nyota nikatoa moja. Halafu juzi shoga yangu kaenda, kapangiwa kiongozi mwingine, binti, akawakalisha kibandani mpaka ndege wakasogea wenyewe. Basi nyota tatu. Nendeni, ila kabla hamjatoa hela ulizeni nani anawapeleka, na wakiwatajia kijana, msubirini binti.