Koili ya CG125 ya zamani: ipime kwanza, kisha uchague ipi ununue

Pikipiki inawaka asubuhi bila shida, inatembea nusu saa, halafu inazima ghafla. Ikipoa, inawaka tena. Kwenye Honda CG125 za zamani na nakala zake za Kichina, dalili hiyo huelekeza kwenye koili, kifaa kinachokuza umeme ili plagi itoe cheche. Lakini usitoe hela bado.

Badilisha plagi. Zungusha kofia ya plagi itoke, kata nusu sentimita ya waya uliochakaa, uirudishe. Kofia nayo ipime kwa mita ya umeme ikiwa kwenye omu (kipimo cha ukinzani): nyingi zina kilo-omu 5, na isiposoma kitu, ugonjwa umeuona. Chomoa kwa muda waya wa swichi ya kuzimia, maana swichi iliyoingia maji huigiza koili mbovu.

Sasa mita. Gusanisha ncha zake, uone zenyewe zinasoma ngapi, utoe kiasi hicho, kwa sababu upande wa msingi (unaopokea umeme, kati ya pini na ethi) wa koili ya CDI, yaani mfumo wa cheche wa kielektroniki, huwa chini ya omu 1 na kosa dogo linakupoteza. Kati ya waya wa plagi bila kofia na ethi (chuma cha koili kinachogusa fremu), nyingi husoma kilo-omu 3 hadi 5. Pima ikiwa baridi, kisha ikiwa ya moto. Mimi niliwahi kuwa na moja iliyosoma 3.6 mezani, safi kabisa. Nikaipuliza kwa drayeri ya nywele; tarakimu zikaanza kuyumba, mwisho mita ikaandika OL, yaani umeme haupiti. Waya wa ndani ulikuwa umekatika: ukiwa baridi unagusana, ukipata joto unaachana. Na kabureta nilikuwa nimeshaifungua mara mbili.

Ikithibitika imekufa, chaguo langu la kwanza ni orijino mpya ya modeli yako. La pili ni orijino ya mtumba, mradi muuzaji akuruhusu kuipima ya moto. Naiweka juu ya nyingi mpya za bei rahisi. La tatu ni mpya ya Kichina isiyo na jina. Zipo nzuri, ila nenda na mita dukani, linganisha omu na idadi ya pini, kataa yenye ufa. Za rangi zinazouzwa kama za mashindano naziweka mwisho: cheche zikishatosha, koili haiongezi nguvu.

Angalia sana pikipiki za pointi, zile za zamani zisizo na CDI ambazo vidude vya chuma hufungua na kufunga umeme wa koili. Zinazotumia betri ya volti 12, koili zake nyingi zina omu 3 hadi 5 upande wa msingi. Ukiweka ya CDI hapo, umeme unaopita unazidi na pointi zinaungua.

Wakati wa kufunga, kwangua kutu na rangi kwenye bolti ya fremu, kwani koili ya pini moja hupata ethi hapo. Ukijaribu cheche, plagi iegemee chuma cha injini, usiishike kwa mkono, na petroli iwe mbali.