Mashine au filimbi ya kumwita koyoti? Anza na rimoti

Februari iliyopita nilipoteza watoto watatu wa mbuzi ndani ya siku tisa. Nafuga mbuzi aina ya Boer nje kidogo ya Abilene, Texas, na kwetu huo ndio mwezi mbaya: mbuzi wanazaa, na koyoti, mbwa mwitu wadogo wa Amerika, wako kwenye msimu wa kupandana, hawatulii usiku wala mchana. Punda wa kulinda zizi ninaye na seng'enge nimeizungusha yote, lakini havikutosha. Nikaenda dukani kununua mashine ya kuwaita: spika inayotoa kilio cha mnyama, koyoti asogee karibu nimpige risasi.

Asubuhi ya tatu koyoti akaja. Alichomoza kwenye vichaka vya mesquite, masikio wima, akaja mbio kuelekea spika iliyokuwa ikilia kama sungura aliyekamatwa. Alipobakiza kama hatua mia nikabonyeza rimoti ili mashine inyamaze, kwa sababu koyoti anayekimbia ni vigumu kumlenga. Sauti ikikatika ghafla, mara nyingi husimama kusikiliza. Haikunyamaza. Nikabonyeza tena. Nikainua rimoti juu ya kichwa, na ule mkono ndio aliouona. Akageuka, akazama vichakani. Mashine ikaendelea kulia peke yake kwenye nyasi mpaka nikanyanyuka kwenda kuizima. Usiku wa pili yake akachukua mtoto wa mbuzi wa nne.

Tangu nisimulie habari hii, ndugu zetu wa hapa mjini wenye mbuzi wachache wachache, Wakongomani na Watanzania, wameniambia yamewakuta hayo hayo. Ndiyo maana sitazungumzia idadi ya sauti wala ukubwa wa spika. Hayo utayasoma kwenye boksi. Nazungumzia rimoti.

Umbali unaoandikwa kwenye boksi ni wa uwanja mtupu. Wewe mashine utaiweka chini, katikati ya nyasi, nawe utakuwa umekaa chini umeegemea nguzo, rimoti mapajani. Ardhi, majani yenye umande na mwili wako mwenyewe vyote vinakula mawimbi. Ile yangu iliahidi mita 200; nilipohesabu, ilikata kwenye hatua hamsini. Ukiipandisha juu ya kisiki au nguzo ya fensi inasikia vizuri zaidi, lakini si kila mahali utapata kisiki. Halafu, unapojaribu, jaribu kunyamazisha, usijaribu kuwasha tu. Kuna rimoti unabonyeza, unahesabu moja, mbili, ndipo sauti inakatika. Sekunde mbili kwa koyoti ni nyingi mno. Na angalia kioo chake gizani: kama hakipunguziki mwanga, alfajiri kitakumulika uso mzima.

Kwa kipimo hicho, namba moja kwangu ni FoxPro, na upendeleo wangu siufichi. Ni kampuni ya Lewistown, Pennsylvania. Jirani yangu, mzee anayefuga kondoo, aliniazima mashine yake ya FoxPro iitwayo Shockwave, nikaiweka kwenye nyasi zile zile, nikakaa pale pale, na rimoti yake ya TX1000 ilitii kila nilipoigusa. Ina spika nne, na ina kitu wanachokiita FoxBang: ikisikia mlio wa bunduki inabadili sauti yenyewe, kwa mfano ikaanza kulia kama mtoto wa koyoti aliyeumia. Koyoti wa pili aliyekuwa anakimbia anaweza kusimama na kugeuka, na mikono yako bado iko kwenye bunduki. Yangu, niliyonunua baadaye, imenigharimu zaidi ya mbuzi wawili wazuri wa mnadani, na betri inazimaliza kweli. Bado ningeinunua tena.

Namba mbili ni filimbi ya mdomo yenye ulimi wazi, dola 15 hadi 30. Unauma ulimi wa plastiki karibu na ncha, sauti inapanda. Unarudisha meno nyuma, inashuka. Filimbi hiyo moja itakutolea kilio cha sungura, cha mtoto wa koyoti, hata mbweko mrefu wa koyoti mkubwa. Haina rimoti ya kukusaliti: ukiacha kupuliza, kimya kinaingia papo hapo. Tena hakuna vinywa viwili vinavyolia sawasawa, na hilo ni la maana, kwa sababu koyoti aliyeponea chupuchupu mbele ya sungura wa mashine ya jirani yako akimsikia tena hukaa mbali. Ubaya wake ni kwamba inamleta kwako wewe. Mashine ukiiweka hatua thelathini au arobaini pembeni, macho ya koyoti yanakuwa kule. Kwa filimbi anakutazama wewe, na hata kidole ukikitikisa anakiona. Kwa vyovyote vile atazunguka kutafuta harufu upande unakokwenda upepo, kwa hiyo upande huo usiufumbie macho.

Ya ulimi uliofungiwa ndani ya bomba ni rahisi, hata mtoto ataipuliza siku ya kwanza. Ila asubuhi za barafu mvuke wa pumzi unagandisha ulimi na filimbi inakuwa bubu. Itunze mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Mashine ya Revolt ya kampuni ya Lucky Duck ina spika inayozungushwa kwa rimoti, jambo zuri siku ya upepo. Sijailaza kwenye nyasi zangu, kwa hiyo siipandishi juu ya FoxPro. Mashine za chini ya dola mia achana nazo, na simu yenye spika ya bluetooth pia.

Kabla hujatoka, soma sheria za jimbo lako. Hapa Texas hakuna msimu uliokatazwa kuwinda koyoti, na anayeshambulia mifugo yako humtafutii leseni. Kwingine ni tofauti.

Wauzaji wameniumiza zaidi ya koyoti. Nilipouliza habari ya rimoti, kijana wa kaunta akanijibu, "Ina sauti mia tatu, mama." Nilipoirudisha ile mashine ya kwanza wakakata asilimia 20 kwa sababu boksi limefunguliwa. Rimoti nitaijuaje bila kufungua boksi? Betri hazikuwamo, na rimoti ya akiba waliitajia bei karibu na nusu ya mashine nzima.

Duka la pili niliwaomba kabla sijatoa pesa: tutoke nje, tuweke mashine nyuma ya tairi la gari, nitembee hatua sitini, nikae chini, niipe mgongo, nibonyeze kimya mara kumi. Walikubali, na ilichukua dakika tano. Lile la kwanza nililiomba hivyo hivyo siku ya kurudisha, wakasema utaratibu wao hauruhusu.