TAHADHARI: Kuna gari la kifahari linazunguka Mbeya, mimi nilikuwa mnunuzi wa tatu

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi nilikuwa Kabwe nakunywa chai. Kijana wa meza ya jirani alikuwa anamwonyesha mwenzake picha za gari kwenye simu: jeusi, rimu za inchi 20, viti vya ngozi rangi ya maziwa. "Milioni ishirini na sita, na haijatembea, tisini na sita elfu tu." Nikaomba niione picha vizuri. Ndugu zangu, lilikuwa gari langu. Yaani lilikuwa langu mpaka mwezi wa pili mwaka huu. Na mimi niliuziwa kwa hiyo hiyo tisini na sita elfu, ila nililirudisha likisoma laki moja na elfu nne.

Nilimweleza yule kijana. Alinitazama kama mtu anayetaka kumpora dili lake, akafunga simu. Ndiyo maana naandika.

Chapa ya gari sitaitaja, maana gari halikunitapeli, aliyenitapeli ni mtu. Itoshe kusema ni la Ulaya, la mwaka 2008, petroli, silinda nane, na linasimama juu ya mifuko ya upepo badala ya springi. Dalali naye sitamtaja jina. Hana ofisi, anapatikana popote kati ya Mafiati na Soweto, anavaa vizuri, na kila mtu kwake ni "mkubwa".

Mimi nauza mchele, natoa Mbarali napeleka Iringa na Dodoma. Nilikuwa na Probox ambayo kosa lake pekee ni kwamba ilikuwa Probox. Msimu ukakaa vizuri, nikaanza kuangalia juu. Nikapiga hesabu ya kuagiza mwenyewe nikachoka: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2,000, asilimia 30 nyingine ya uchakavu kwa sababu limevuka miaka kumi, halafu VAT asilimia 18 inakaa juu ya vyote hivyo. Dalali aliposema milioni 27 na kadi mkononi, niliona kama naokota. "Mkubwa, ni gari ya bosi mmoja, amehamishiwa Dodoma, familia haina wa kuiendesha."

Mke wangu ni mtu wa Makete, na watu wa Makete kwenye hela hawana utani. Aliuliza swali moja: "Kama ni zima, kwa nini huyo bosi hajaondoka nalo?" Nikamwambia hajui magari.

Sasa sikilizeni jambo ambalo nililipita kama kipofu. Kila nilipotaka kuliona lile gari, lilikuja. Halikuwahi kunisubiri mahali. Nilipiga simu, nusu saa baadaye linafika likiwa linanguruma, limesimama wima, dalali anashuka injini ikiwa inawaka. Nikadhani ni huduma nzuri. Nikasema nataka fundi alipime, akasema hakuna shida, akaja na fundi wake, mzee wa makamo mwenye ovaroli safi. Fundi mwenye ovaroli safi! Akachomeka mashine chini ya usukani, akanionyesha kioo hakina kosa hata moja. Nikalipa.

Asubuhi ya kwanza, nyumbani Isyesye, mwezi wa saba ule wenye baridi ya kukata masikio, nilitoka nikalikuta limelala chini mbele kama ng'ombe anayecheua. Nikampigia dalali. "Mkubwa, hiyo ndiyo teknolojia, usiku inapumzika." Na mimi nikakubali! Nikawasimulia na wenzangu sokoni kwamba gari langu linapumzika.

Ukweli ni huu. Mifuko ile ni ya mpira, na mpira wa miaka kumi na tano umeshapasuka vijinywele. Ukiliegesha, upepo unatoka polepole, na kwenye baridi mpira unakakamaa unavuja zaidi. Ukiwasha, kuna kompresa ndogo inajaza tena. Kompresa hiyo imetengenezwa ifanye kazi kwa muda mfupi ipumzike. Mfuko ukivuja haipumziki, inaungua. Kwa hiyo hununui mfuko peke yake wala kompresa peke yake, unanunua vyote, la sivyo kipya kinauawa na kibovu. Dalali alijua. Ndiyo maana gari lilikuwa linakuja likiwaka: dakika ishirini za kompresa zinatosha kulisimamisha mbele ya mteja.

Wiki ya pili nikaenda Iringa. Kufika Igurusi, kibao cha 50, nikashusha mwendo mpaka mshale ukalala kwenye 50 kabisa. Nikapigwa tochi. Nikashuka na ubishi wangu wote, afande akanionyesha: 80. Nikamwambia tochi yake mbovu. Akaja dirishani, akachungulia dashibodi, akacheka hadi mwenzake akasogea. "Mzee, hizi ni maili." Gari lilitoka Uingereza. Hamsini za Waingereza ni themanini zetu. Nililipa elfu thelathini yangu nikaondoka, na nilikuwa nimeshafika Chimala akili iliponijia: kama mshale ni wa maili, basi na ile tisini na sita elfu ni maili. Zigeuze, ni kilomita zaidi ya laki moja na hamsini na nne elfu. Kwenye picha za tangazo zile herufi ndogo pembeni ya namba zilikuwa zimekatwa. Na hiyo nayo ni kama namba yenyewe ni ya kweli, maana sasa nimeiona imerudi pale pale baada ya mimi kuongeza elfu nane.

Gharama sitaziandika zote, zinaniumiza. Kompresa ya mtumba kutoka Dar, iliyoletwa na basi la usiku, 1,300,000. Mifuko miwili ya mbele 2,400,000, na ya nyuma sikuigusa, nikawa naiombea. Giaboksi ilianza kupiga teke ikibadilisha gia ya pili kwenda ya tatu. Nikadhani ni kuongeza haidroliki tu kama kwenye Probox. Kumbe chujio lake limeumbwa pamoja na sahani ya chini ya plastiki, linabadilishwa lote, na oili yake ni ya aina yake, inajazwa kwa kupima joto, hakuna kijiti cha kuchungulia: 1,150,000. Tairi nne 2,800,000, na za saizi ile hapa mjini unaagiza, hukuti zimening'inizwa dukani. Petroli sizungumzii. Mbeya hadi Iringa ni kama lita sitini, na Probox ilikuwa inakunywa chini ya nusu ya hapo ikiwa na magunia.

Niongeze kidogo kuhusu maji, kwa sababu hapa kwetu watu wengi wanapotelea hapo. Mabomba ya maji ya injini nyingi za Ulaya ni ya plastiki, yakizeeka yanakatika kama biskuti. Langu lilikatika kwenye mlima wa Kitonga. Nilipofungua boneti harufu ya kulanti, ile dawa ya rangi ya kupozea injini, ilikuwepo lakini rangi haikuwepo, ilikuwa maji ya bomba matupu. Aliyeniuzia alijaza maji. Mbeya tuko juu, mita kama 1,700, hata sufuria ya chai inachemka nyuzi 94 badala ya 100. Mfumo wa maji ukipoteza presha kidogo tu huku kwetu, maji matupu yanachemka mapema kuliko Dar. Bomba, kulanti na kuvutwa hadi Ilula, fungu jingine hilo.

Jumla kwa miezi saba ni 9,400,000. Hapo nilikuwa sijabadilisha hata taa.

Sasa nije kwenye kiini, kwa sababu gari bovu kila mtu anaweza kuuziwa.

Mwezi wa kwanza lilikufa kabisa, kompresa ya pili imeungua. Nikalivuta mpaka kwa fundi mmoja kule SIDO, mzee mwenye mikono myeusi kama inavyopaswa. Akafungua tairi ya mbele, akaganda. Akaniita, "Mwanangu, njoo uone." Kwenye chuma kulikuwa na alama ya rangi nyeupe, mistari mitatu. "Hii alama ni yangu. Gari hii niliifunga mwaka juzi, ilikuwa ya mwalimu mmoja wa sekondari. Kabla yake ilikuwa ya jamaa wa mbao, Mafinga. Wote walinunua kwa huyo huyo, na wote aliwarudia."

Aliwarudia. Neno hilo sikulielewa mpaka wiki mbili baadaye, simu ilipoita. "Mkubwa, nimesikia gari inakusumbua. Mimi sipendi mteja wangu aumie. Naweza kukutafutia mtu wa spea akupe milioni saba." Sikuwa nimemwambia mtu yeyote nje ya gereji. Tukavutana, tukaishia tisa. Nikapokea, nikashukuru, nikamwambia ndaga. Nilimshukuru!

Huo ndio mchezo wenyewe. Hauzi gari, anauza kuchoka kwako. Anajua ndani ya miezi sita au saba utakuwa umemwekea kompresa mpya, tairi mpya na oili mpya ya giaboksi, halafu utashindwa na kinachofuata. Analichukua kwa theluthi ya bei likiwa limetengenezwa kwa hela yako, anafuta makosa kwa mashine, anashusha namba, anaosha, anampigia mwingine. Na halionekani kwenye karatasi yoyote, kwa sababu kadi bado ina jina la yule bosi wa kwanza kabisa. Mimi aliniambia, "Usikimbilie kubadilisha jina, ionje kwanza." Niliona ananijali. Ungekuta majina matatu yamebadilishwa TRA ndani ya miaka mitatu, ungeuliza. Usipokuta hata moja, huulizi.

Na nina lawama yangu. Nilipokubali ile tisa, nilijua moyoni haendi kulikata spea. Nilijua atampelekea mtu. Sikutaka kumjua.

Kama bado una hamu ya gari la namna hii, na si dhambi kuwa nayo, usikubali likufuate. Nenda wewe, saa kumi na mbili asubuhi, ulikute lilipolala, na uguse boneti kabla ya kusalimiana. Ikiwa ya moto, rudi nyumbani. Washa swichi bila kuwasha injini: taa za onyo za dashibodi lazima ziwake kwanza ndipo zizime, nyingine kama ya injini zikisubiri injini iwake. Taa ya injini au ya upepo isiyowaka kabisa haimaanishi gari zima, inamaanisha mtu ameiziba. Liache lingurume robo saa limesimama, halafu kanyaga mafuta mtu akiwa nyuma. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Panda nalo barabara ya Chunya mpaka Kawetere, si kuzunguka Forest kwenye lami tambarare. Ukirudi liegeshe, kanywe supu saa mbili, urudi upime kwa kiganja nafasi kati ya tairi na bodi.

Fundi awe wako, na mashine yake isiishie kwenye makosa. Lile tundu la chini ya usukani la kuchomekea mashine lipo kwenye magari yote yaliyouzwa Marekani tangu 1996 na ya petroli ya Ulaya tangu 2001, na ndani yake gari huweka kumbukumbu ya vipimo linavyojifanyia lenyewe likitembea. Makosa yakifutwa jana, vipimo hivyo vinaonekana havijakamilika. Fundi anayejua atakuonyesha kwa dakika tatu. Yule wa ovaroli safi alinionyesha ukurasa mmoja tu.

Hela mpe mwenye jina kwenye kadi, mbele ya mwanasheria, na jina libadilishwe wiki hiyo hiyo. Deni la faini za trafiki linaangaliwa mtandaoni kwa namba ya gari, haichukui muda. Habari za gari za IT, yaani zinazopita tu kwenda nchi jirani, zilizokwama njia ya Tunduma na "zinauzwa kimya kimya" msizisikilize kabisa, hiyo ni kesi nyingine.

Na kama unataka ngozi na utulivu bila presha, ile Harrier ya kwanza iliyotoka Japani 1997 ndiyo hiyo hiyo waliyoiita Lexus RX 300 huko nje. Spea zake zipo mpaka Mwanjelwa. Mimi nimerudi kwenye Probox. Mke wangu hajasema kitu, na huo ukimya wake ni mrefu kuliko mlima wa Kitonga.

Gari lenyewe, nasikia sasa linaonyeshwa watu Vwawa na Tukuyu pia. Ni jeusi, na mlango wa nyuma kushoto umepakwa rangi upya, juani unaonekana wa tofauti kidogo. Kiti cha dereva ngozi imechanika upande wa mkanda, ikashonwa kwa uzi wa kahawia. Na ukifungua kile kidroo cha mbele ya abiria, ndani ya kifuniko chake, binti yangu wa darasa la pili alibandika stika ya kipepeo cha bluu. Siku ya kukabidhi nilijaribu kuibandua kwa kucha, bawa moja likatoka, lingine likagoma.

Ukikuta kipepeo chenye bawa moja, mrudishie funguo zake.