Garnacha changa isiyopita pipani: soma mwaka kabla ya bei

Wiki iliyopita nilinunua chupa ya Garnacha, mvinyo mwekundu wa zabibu ya jina hilo, katika duka moja hapa Zaragoza, Hispania, euro 9. Lebo ilisema "joven", yaani mvinyo mchanga usiolazwa kwenye mapipa ya mwaloni. Nilipomimina, wekundu ulikuwa umegeuka kutu pembezoni mwa glasi na harufu ilikuwa ya tufaha lililopondeka. Nikageuza chupa nisome nyuma. Mavuno ya miaka 5 iliyopita!

Basi habari za medali na harufu nawaachia wengine. Mimi nasema mwaka. Kwenye lebo tafuta neno "cosecha", yaani mavuno, na mwaka ulioandikwa hapo. Zabibu ya Garnacha ina ngozi nyembamba, rangi na ukakasi wake ni haba, na ikikutana na hewa huchakaa upesi. Ndiyo maana hutunzwa kwenye matangi ya chuma au zege, ibaki na utamu wa stroberi na kile kipilipili chake cha mwisho. Ladha hiyo haingoji. Mimi sivuki miaka 2 tangu mavuno. Ukiona "roble" au "crianza", hiyo imepita pipani, na leo siizungumzii.

Ninayoipenda kuliko zote ni Artazuri, kutoka kijiji cha Artazu, Navarra. Ni Garnacha tupu, safi, nyepesi mdomoni, na ukiipoza kidogo kwenye friji kama dakika 20 inakaa vizuri na kuku wa kuchoma. Angalia usichukue ya rosado, yaani ya rangi ya waridi, maana jina ni lile lile. Nyumbani kwangu haikosekani.

Ya pili ni ile changa ya Borsao, kutoka Campo de Borja, chini ya mlima Moncayo, ambako upepo mkavu wa cierzo hukausha mizabibu isioze. Naiweka ya pili kwa sababu huchanganywa na zabibu nyingine, Syrah na Tempranillo. Tres Picos ni ya nyumba hiyo hiyo, lakini imeonja mwaloni.

Ukibanwa na pesa, Castillo de Monseran ya eneo la Cariñena inatosha, mradi mwaka uwe mpya.

Kilichoniuma zaidi ni jibu la muuzaji. Alinionyesha maneno "viñas viejas" akasema mvinyo huu kadiri unavyokaa ndivyo unavyonoga. Maneno hayo yanasema mizabibu ni mizee, hayasemi mvinyo uzeeke! Mzabibu wa miaka 60 huzaa zabibu chache zenye ladha nzito, na mvinyo wake unaweza kuwa wa mwaka jana. Anayeuza kila siku analijua hilo. Pesa yangu hakurudisha.

Jumamosi nilirudi nikapekua rafu yote. Chupa za mavuno mapya zilikuwepo, 2 tu, zimesukumwa nyuma kabisa. Za zamani ndizo zilizopangwa mbele, chini ya taa, na kibandiko cha punguzo.