Darasa la Biblia la jioni, Mwanga, Kigoma: maana ya wazi na maana ya fumbo

Kwa wiki sita nimehudhuria darasa la jioni la kusoma Biblia hapa Mwanga, nami ninalipendekeza kwa moyo wote. Mwalimu hageuzi kila neno kuwa fumbo. Kwanza huuliza andiko ni la aina gani. Somo lililonigusa zaidi lilihusu Mathayo 16, ambapo Yesu anawaonya wanafunzi wajihadhari na chachu ya Mafarisayo, kundi la kidini la Wayahudi, nao wakadhani anazungumzia mikate waliyosahau, hadi mstari wa 12 unapoeleza kwamba alimaanisha mafundisho. Kumbe Biblia yenyewe huwasahihisha wasomaji wake! Kitabu cha Ufunuo, kwa masikitiko yangu, kiliharakishwa mno. Lakini katika Luka 13, mtawala Herode anapoitwa mbweha, yaani mtu mjanja, hata mvuvi aliyeketi kando yangu hakuhitaji kufafanuliwa.